Taa za Land Rover yangu: pesa iliyofaa ni ya waya

Defender yangu ni ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, na taa zake za mbele zilikuwa za kubahatisha. Nikitoka Mombasa usiku kwenda Kinango, dimu, ule mwanga wa chini, ilikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Ng'ombe mweusi akisimama njiani, namwona nimeshamfikia.

Kwanza nilinunua glopu za LED. Usinunue. Ukutani zinang'aa kweli, lakini rifleka, yaani bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele, imeundwa kwa glopu ya halojeni ya H4, na mwanga wa LED hautoki mahali pale pale, basi unatawanyika ovyo. Huko Mariakani malori yalinimulika fulu, mwanga wa juu, mfululizo, nami niko kwenye dimu! Nilizing'oa wiki hiyo hiyo.

Fundi wangu wa umeme wa gari, mzee mmoja wa Tudor, hakutaka hata kusikia habari ya glopu. Alichukua mita. Kwenye betri, injini ikinguruma, volti 13.9, nyuma ya taa, 11.4.

"Mwanangu, taa zako si mbovu. Zina njaa."

Kwenye Defender za miaka hiyo umeme wote wa taa hupitia swichi ya usukani na waya nyembamba. Nilipoigusa swichi ilikuwa ya moto. Na glopu ya halojeni, volti zikishuka asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30.

Akafunga rilei mbili, swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo, ya dimu na ya fulu, zinazochota umeme betrini moja kwa moja kwa waya nene, kila moja na fyuzi yake. Swichi ya zamani sasa inaamsha rilei tu. Kilichonishangaza ni waya wa asi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi: alipoufungua, ncha ilikuwa unga wa kijani, ukiugusa unabaki vidoleni. Hewa yetu ya chumvi inaila shaba kimyakimya. Alipiga msasa bodi mpaka ikang'aa, akafunga upya, akapaka grisi.

Taa zenyewe nilibadilisha pia: inchi 7, kioo si plastiki, glopu za H4 za wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Hapa ndipo nilipokasirika. Duka la kwanza liliniuzia za nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara. Tulipozimulika ukutani, mwanga wa dimu ulipanda upande wa kulia, yaani machoni pa dereva anayekuja. Kwetu mwanga hutakiwa kupanda kushoto, kwenye ukingo wa barabara wanakopita watu. Muuzaji alikataa kuzipokea mpaka nilipolipeleka gari magharibi ikiingia, nikazimulika kwenye ukuta wa duka lake. Zipime ukutani kabla ya kulipa.

Waya, rilei na ufundi vilinigharimu shilingi 7,500. Taa na glopu 9,000. Ukiwa na pesa ya kimoja, anza na waya.

Jumamosi nilikwenda Kinango. Mbele kulikuwa na mkokoteni wa punda usio na kimulika hata kimoja. Niliyaona masikio ya punda kwanza, mbali, nikapunguza mwendo taratibu, nikampita mwenye mkokoteni akiniinulia mkono.