Vifaa vya kupimia mitambo ya redio ya FM: kipi kinunuliwe kwanza

Kituo kidogo cha redio kinachorusha matangazo kwa mtambo wa wati 300 au kilowati 1 huwa na fedha za kununua kifaa kimoja cha kupimia kwa mwaka, pengine viwili, na mara nyingi fedha hizo huishia kwenye kifaa kinachopendeza macho badala ya kile kinachohitajika. Mpangilio ufuatao unamlenga mhandisi wa kituo cha namna hiyo hapa Afrika Mashariki, mwenye mtambo kilimani, studio mjini, na leseni ambayo masharti yake yameandikwa kwa wati na kilohezi. Nimevipanga vifaa kwa kuuliza swali moja: ni jambo gani ambalo mtambo wenyewe hauwezi kumwambia mhandisi?

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza ni ya kipima moduleshi, yaani kifaa kinachopima jinsi sauti inavyopakiwa kwenye wimbi la redio. Mtambo wowote wa kisasa huonyesha kwenye skrini yake nguvu inayotoka na nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, lakini moduleshi inayoonyeshwa hapo mara nyingi ni ya kukadiria tu. Nayo moduleshi ndiyo inayowagusa majirani. Mkengeuko wa masafa, yaani umbali ambao sauti inalisogeza wimbi kutoka kwenye masafa yake, una kikomo cha kilohezi 75 kila upande, na vilele vinavyopita hapo humwaga nishati kwenye masafa ya kituo kinachofuata, huku redio za bei nafuu walizo nazo wasikilizaji wengi zikianza kukwaruza. Kifaa kizuri hupima pia toni ya pailoti ya kilohezi 19 (inayoiarifu redio kwamba matangazo ni ya stereo), ambayo inapaswa kuchukua asilimia 8 hadi 10 ya mkengeuko, kiwango cha RDS (data kama jina la kituo linaloonekana kwenye skrini ya redio) kwenye kilohezi 57, na nguvu ya MPX (mkusanyiko wa sauti, pailoti na RDS) kwa wastani wa sekunde 60, kama linavyoeleza pendekezo la ITU-R BS.412. Kipimo hiki cha mwisho kina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kituo kinaweza kubaki ndani ya kilohezi 75 na bado prosesa yake, kifaa kinachosawazisha sauti kabla ya kurushwa, ikawa imebana sauti kupita kiasi. Namba ya MPX hulifichua jambo hilo mara moja.

Katika kundi hili, vifaa vya kufungwa kwenye raki kama DB4004 ya Deva Broadcast ya Bulgaria, na vile vya Inovonics ya Marekani, hutoa vipimo vyote nilivyovitaja na kusomeka kwa mbali kupitia mtandao. Fedha zikiruhusu, ningechukua kimojawapo bila kusita. Ngazi inayofuata ni Band Scanner ya Deva, inayochomekwa kwenye kompyuta ndogo na kufaa sana kwa kupima usikivu ukiwa ndani ya gari. Kijiti cha RTL-SDR, chenye usomaji wa biti 8 tu, nakiweka mwisho: kinatosha kuona nani yuko hewani na kwenye masafa gani, lakini usikitegemee kuhukumu vilele, kwa kuwa huzidiwa haraka karibu na mitambo yenye nguvu.

Kifaa chochote utakachochagua, pima nacho kwanza kwenye tundu la sampuli la mtambo, linalotoa sehemu ndogo ya mawimbi yake, si kwa antena iliyo juu ya paa la studio. Mawimbi yanayodunda milimani na kwenye majengo huongeza mkengeuko unaosomeka, na mhandisi anaweza kupunguza sauti ya kituo chake kwa kosa ambalo halipo. Hakikisha pia kwamba priemfasisi, yaani kuongezwa nguvu kwa sauti nyembamba kabla ya kurushwa, imewekwa kwenye mikrosekunde 50, inayotumika kwetu, kwa sababu vifaa vilivyoandaliwa kwa soko la Marekani hutumia 75.

Nafasi ya pili naipa mita ya wati ya kuunganishwa kwenye kebo, pamoja na mzigo bandia, yaani rezista kubwa inayomeza nguvu ya mtambo badala ya antena. Viwili hivi vinunuliwe pamoja. Mita ya Bird 43 imetumika kwa miongo mingi na bado inaaminika, lakini usahihi wake ni asilimia 5 za kipimo cha juu cha kichomekwa chake (kipande kinachobadilishwa kulingana na nguvu inayopimwa), kwa hiyo kichomekwa cha wati 1,000 kinaposoma wati 100 huenda kosa likafika wati 50. Nunua kichomekwa kinacholingana na mtambo wako, na kingine kidogo kwa ajili ya nguvu inayorudi.

Ya tatu ni kipima antena. NanoVNA, kifaa kidogo cha mkononi, imeleta bei ya chini mno kwa kazi ambayo zamani ilihitaji mashine ya maabara, na kwa kebo na antena za FM inatosha kabisa, mradi ikalibrishwe kila mara kabla ya kupima. SWR, namba inayoonyesha jinsi antena inavyolingana na kebo, ikiwa 1.5 maana yake ni kwamba asilimia 4 ya nguvu inarudi. Ikifika 2, asilimia 11. Hifadhi mchoro wa antena ikiwa mpya na kavu, kwani baada ya masika mchoro huo ndio utakaoonyesha kama maji yameingia kwenye konekta. Tahadhari moja ni ya lazima: kwenye mnara wenye mitambo mingine iliyo hewani, antena yako huokota nguvu yao, nayo inaweza kuunguza kifaa mara tu ukikiunganisha.

Kichanganuzi cha spektra, kinachochora nguvu iliyopo kwenye kila masafa, kinashika nafasi ya nne, ingawa kwenye kilima kilichosongamana kama Limuru, iliko mitambo mingi ya vituo vya Nairobi, ningekipandisha hadi ya pili. Mitambo miwili ya megahezi 100 na 106 ikichanganyika huweza kuzaa wimbi kwenye megahezi 112, ndani ya bendi ya vifaa vya kuongozea ndege, na hilo ni kosa ambalo hakuna mita ya wati itakayolionyesha. Kichanganuzi kidogo cha mkononi cha tinySA ya kawaida hufika megahezi 350 kwenye tundu lake la masafa ya chini, kwa hiyo kinaona haramoniki ya pili na ya tatu ya kituo chochote cha FM, yaani mawimbi yasiyotakiwa kwenye masafa yaliyo mara mbili na mara tatu ya yale ya kituo. Kile cha mezani cha Siglent SSA3021X hufika gigahezi 2.1 na ni chombo cha kazi ya kila siku. Kilowati 1 ikipita kwenye kapla (kifaa kinachochota sehemu ndogo ya nguvu) ya desibeli 50 bado inatoa miliwati 10, kiasi kikubwa mno kwa kifaa kidogo, hivyo ongeza atenyueta, yaani kipunguza nguvu, ya desibeli 30 au 40. Ukiona haramoniki, ongeza desibeli 10 nyingine: ikishuka kwa zaidi ya hizo 10, imezaliwa ndani ya kifaa chenyewe.

Ukiwa na kichanganuzi na mzigo bandia unaweza pia kukikagua kipima moduleshi chako bila kukipeleka maabara. Tuma toni safi ya hezi 13,587 bila pailoti, RDS wala priemfasisi, na uongeze kiwango chake polepole. Mstari wa katikati kwenye spektra utazama, utarudi, na utakapozama mara ya pili mkengeuko ni kilohezi 75. Kipima moduleshi kisiposoma hivyo, kinahitaji kurekebishwa.

King'amuzi cha ukimya, kinachotuma ujumbe kwa simu sauti inapokatika, nakiweka mwisho kwa sababu vipima moduleshi vingi vya raki tayari vina kazi hiyo ndani yake.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji cheti cha kalibresheni chenye tarehe na namba ya kifaa, na akuandikie ni nchi gani matengenezo hufanyika na nani atalipia usafiri na ushuru wa forodha kifaa kikirudishwa.