Roshani ya meli: nililipia faragha, nikapewa baraza

Nianze na pesa. Safari ilikuwa ya usiku 7, Dubai hadi Dubai, kupitia Doha na Muscat. Chumba chenye roshani kilizidi kile cha ndani kisicho na dirisha kwa dirham 900 kila mtu. Mume wangu alitaka cha ndani. "Tunakwenda kulala au kutazama maji?" Mimi nikashikilia roshani, na sababu yangu ilikuwa moja: nimevaa buibui tangu usichana, nikatamani siku saba za kukaa nje kichwa wazi, upepo wa bahari uingie kwenye nywele, pasiwe na jicho la mtu. Tangazo lilisema "roshani yako binafsi". Nikalipa. Mamangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, tukamchukulia chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na chetu.

Sasa nimejua maana ya "binafsi". Maana yake hakuna mwengine mwenye ufunguo. Kuonekana ni habari nyengine kabisa.

Jioni ya kwanza meli inatoka gatini Port Rashid, nikatoka na gauni la kulalia, nywele zinadondoka maji. Nikaegemea ukingo, nikashusha pumzi. Kisha nikageuza shingo kutazama mbele ya meli. Chumba cha usukani kimechomoza nje ya ubavu kama sikio, vioo vitupu, na ndani wamesimama wanaume watatu wa sare nyeupe wakiangalia upande wangu! Niliingia ndani mbio, ndara moja nikaiacha nje.

Mhudumu wetu wa chumba, kijana mpole aliyejua kucheka bila kumcheka mtu, alinieleza kesho yake. Chumba kile kimechomozwa makusudi, ili nahodha anapoingiza au kutoa meli gatini auone ubavu wote mpaka nyuma. Mimi sina haja nao, na wao hawana haja nami, ila ndani ya huo ubavu wanaoutazama nimo. Zipo na kamera za usalama kwa nje, mtu akianguka baharini ijulikane. Halafu kuna boti ya rubani anayeongoza meli bandarini, na matagi, zile boti za kuvuta meli, yanayokuja kwa chini, na bandarini kuna makuli, na meli nyengine ikifunga gati la pili watu wake wanakaa uso kwa uso na nyinyi. Ukingo wenyewe ni kioo kitupu kuanzia sakafuni, kwa hivyo ukikaa kitini miguu yako iko sokoni.

Na usiku ndiyo mbaya zaidi. Ukiwasha taa ndani na kuacha pazia wazi, wewe huoni kitu nje ila kiza, lakini wa nje anakuona kama yuko sinema. Hili nilipaswa kulijua, maana hata ghorofani kwetu Sharjah ni vivyo hivyo, lakini bahari inamdanganya mtu. Unaona maji pande zote unadhani dunia imehama.

Mamangu hakudanganyika. Asubuhi alitoka na leso zake mbili, moja kiunoni na moja kichwani, akakaa, akasema: "Hapa ni barazani, mwanangu. Nani alikwambia ni ndani?" Nikaona alivyopatia. Kwetu Mji wa Kale, baraza ni la nje, la kupokea watu na kutazama wapitao; sitara iko ndani. Hata zile roshani za mbao za Ndia Kuu, fundi aliyetaka kumstiri mwanamke aliziba kwa mbao za kimia, akae nyuma yake aione njia nayo njia isimwone. Lamu wakajenga wikio juu ya vichochoro, wanawake wavuke nyumba hadi nyumba bila kushuka. Mafundi wa meli wameweka kioo kwa sababu wanauza mandhari. Ubaya hauko kwenye kioo, uko kwenye lile neno "binafsi".

Kati ya roshani na roshani kuna kizuizi cha bodi ambacho hakifiki sakafuni, na upande wa baharini kinaacha upenyo wa kiganja. Sauti inapita, moshi unapita ingawa sigara roshani ni marufuku. Cha kufurahisha ni kwamba kile cha baina yetu na mama kinafunguka. Tulimuomba mhudumu, akaja na ufunguo wake, tukapata roshani moja ndefu. Kama mnasafiri jamaa, ombeni siku ya kwanza. Hilo pekee lilinirudishia nusu ya dirham zangu.

Upande wa pili alikaa bwana mmoja mtu mzima na mkewe, Wazungu. Siku tuliyoshinda baharini mume wangu alitoka na chai yake, akarudi papo hapo macho chini. "Yule bwana amesahau nguo." Zote? Zote. Nikapiga simu mapokezi, naogopa kuonekana mshamba. Dada wa mapokezi hakushangaa hata kidogo. Roshani, alisema, mavazi yake ni kama ya bwawani, kwa sababu watu wanaonana, na pia bahari hizi ni za nchi ambazo kukaa uchi hadharani ni kosa la jinai. Wakampigia bila kututaja. Alasiri bwana akatokea na kaptula, akatusalimu kwa bashasha.

Mimi nilikuwa bado nimenuna, mpaka leso ya mama ilipopeperuka. Aliianika kwenye kiti, jambo lililokatazwa pia (upepo wa meli ni mkali, na nguo ikipeperuka ikanasa mahali inaweza hata kuleta moto). Ikavuka kwetu ikatua kwa yule bwana. Akairudisha ameikunja vizuri, akauliza yale maandishi yanasemaje. Ilikuwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Mume wangu akahangaika na Kiingereza chake kutafsiri, nami nikatazama pembeni kuzuia kicheko, maana nilikumbuka gauni la kulalia. Yeye naye alidhani yuko peke yake. Tofauti yetu ilikuwa kipimo cha nguo tu.

Muscat tuliingia alfajiri. Milima imesimama nyuma ya Matrah, ngome juu, nyumba nyeupe zimejipanga ufukweni. Mama alikuwa nje kabla yetu, leso nyekundu kichwani. Basi la bandari likatushusha langoni, maana ndani ya bandari hakuna ruhusa ya kutembea kwa miguu, na pale mzee mmoja dereva wa teksi, kanzu na kofia, akamsimamisha mama: "Shikamoo, bibi. Leso hiyo nimeiona tangu meli inageuka. Nikasema, wale watu wa kwetu." Kiswahili cha Unguja, kisafi. Mama akaitikia marahaba kama aliyekuwa akimsubiri. Alituzungusha hadi Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ambako watalii wa kike hufunika nywele, mikono na miguu. Sisi hatukuhitaji kukumbushwa.

Ukitaka kukaa kichwa wazi kama nilivyotaka mimi, ulizia kabla ya kulipa: baadhi ya meli zina roshani za sitaha za chini ambazo ukingo wake ni bati la chuma, si kioo. Zile za nyuma kabisa zilizopangwa kama ngazi ziepuke, wa juu wanakutazama utosini. Siku ya kuoshwa roshani wanaacha kikaratasi kitandani; kisome, wanaume wenye mipira ya maji hawabishi hodi.

Nyota 3 kwa roshani, 5 kwa mhudumu. Dirham 900 ningezitoa tena, lakini kwa chumba cha mama. Mimi cha ndani kinanitosha, nitakwenda kukaa kwake.