TAHADHARI: Muuzaji anafuta kodi za misi (namba za hitilafu za injini kukosa moto) kwanza, ndipo anakuita uje ulione gari

Ndugu zangu mnaoshindana kwa magari mbio za robo maili hapa Texas, kuna muuzaji wa Mustang GT zilizotumika kwenye mbio, zile za V8 (silinda nane) ya lita 5.0. Jina silitaji kwa kuwa nimeshamfungulia malalamiko. Nilinunua kwake gari moja, la gia za mkono, na alichonificha kingeweza kuniua.

Siku ya kulikagua, taa ya injini haikuwaka. Nikachomeka mashine ya kusoma kodi, hakuna hata moja, nikafurahi. Barabarani, kwenye maili 60 kwa saa, gari likaanza kutetemeka. Akasema ni matairi laini ya mbio, ndivyo yalivyo. Nikalipa.

Siku ya tatu taa ikawa inawaka na kuzima: P0300, misi isiyochagua silinda. Nikampigia. Akasema koili (zinazozalisha umeme wa cheche, moja kwa kila silinda) zimechoka, akaniuzia seti ya nane kwa dola 400. Nikafunga na plagi mpya juu yake. Misi ile ile.

Mzee mmoja fundi, Mtanzania mwenzangu, hakugusa hata koili moja. Alipiga resi gari likiwa limesimama, akahesabu misi kwenye mashine: sifuri. Tukaingia barabarani, kwenye maili 60 misi zikamiminika silinda zote nane. Akatoa gia, gari likawa linaserereka lenyewe. Misi zikakoma, mtetemo ukabaki. "Injini yako nzima," akaniambia. "Tuingie chini."

Kompyuta ya gari haioni cheche. Inapima mwendo wa krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na krenki ikisita kidogo inahesabu kwamba silinda imekosa moto. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, ikitikisika sana, mtikisiko unarudi kupitia giaboksi hadi kwenye krenki, na kompyuta inadanganyika. Koili mbovu kweli huleta misi kwenye silinda yake tu. Ihamishie silinda nyingine na kodi itaifuata huko.

Chini tulikuta propela ya kipande kimoja ya alumini, imewekwa badala ya ile ya kiwandani ya vipande viwili. Gari limeshushwa, lakini pembe ya difu (gia za ekseli ya nyuma, propela inapoishia) haikurekebishwa. Krosi (kiungio cha propela) ya nyuma inacheza. Kijiti cha kusawazisha uzito kimeng'oka, imebaki alama ya kulehemu tu. Halafu ile pete ya chuma inayoizunguka propela, ambayo NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, huidai kwa magari yenye matairi laini yanayomaliza kwa sekunde 13.99 au chini, ilikuwa imekwaruzwa vibaya, kisha ikapakwa rangi nyeusi juu ya mikwaruzo. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua.

Mkiwa maili 120 kwa saa, propela hiyo inazunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika. Krosi ya mbele ikikatika na pete isihimili, propela inachimba lami na kulipindua gari na mtu wake ndani.

Nilirudia picha ya mashine niliyoipiga siku ya ukaguzi. Kuna mstari unaoonyesha umbali tangu kodi zifutwe. Ulisomeka maili 3. Nilikuwa nao mkononi na sikuuangalia.

Sasa hapokei simu, na juzi ametangaza gari jingine, "tayari kwa uwanja". Kama umeshanunua kwake, usilipeleke uwanjani kabla fundi hajaingia chini. Picha na risiti ninazo, niandikie nikutumie.