Uchunguzi wa afya kwa madereva wa magari makubwa: kliniki nzuri yenye kasoro moja kwenye presha

Ninaendesha lori la mizigo, na bila cheti cha afya kilicho hai leseni yangu ya magari makubwa hainiruhusu kushika usukani kazini. Kwa miaka mingi nimezoea uchunguzi wa haraka haraka, ambapo mhudumu anapima presha, anauliza kama unaona vizuri, kisha anagonga muhuri. Kliniki niliyokwenda safari hii ilikuwa tofauti, na kwa sehemu kubwa ilifanya kazi niliyoilipia. Kuna kipimo kimoja tu ilichokiboronga, nacho ndicho kinachowapunguzia madereva wengi muda wa cheti.

Kabla ya kumwona daktari nilijaza fomu ndefu yenye maswali ya kifafa, kuzimia, maradhi ya moyo, kisukari, upasuaji na dawa zote ninazotumia, zikiwamo zile zinazonunuliwa bila cheti cha daktari. Daktari aliisoma mbele yangu mstari kwa mstari. Alipofika mahali nilipoandika kwamba hutumia dawa ya mzio, aliniuliza jina lake na saa ninazoimeza, akanieleza kwamba dawa za zamani za aina hiyo, kama klorofeniramini, huleta usingizi na kumfanya mtu achelewe kukanyaga breki hata pale anapojiona yu macho kabisa, ilhali za kizazi cha baadaye, kama loratadini, kwa kawaida haziathiri kiasi hicho. Hakuna kliniki nyingine iliyowahi kuniuliza jambo hilo.

Sehemu ya usingizi ndiyo iliyonivutia zaidi. Nilipewa dodoso la Epworth, ambalo hutaja hali nane za kawaida, kama vile kusoma ukiwa umeketi au kuwa abiria ndani ya gari, na kila hali unaipa alama kutoka 0 hadi 3 kulingana na uwezekano wa kusinzia. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, daktari ana sababu ya kuchunguza zaidi. Baada ya hapo alinipima shingo kwa utepe, kwa kuwa shingo nene ni mojawapo ya dalili za kukatika pumzi usingizini, maradhi ambayo njia ya hewa huziba mara kwa mara usiku na mgonjwa huamka amechoka bila kujua sababu. Aliniuliza pia kama mke wangu hulalamikia kukoroma kwangu, swali ambalo nadhani lingejibiwa kwa uaminifu zaidi na mke mwenyewe.

Macho yalipimwa kwa chati ya Snellen, ile yenye mistari ya herufi zinazozidi kuwa ndogo, jicho moja moja, kwanza bila miwani na kisha kwa miwani. Upeo wa pembeni daktari aliupima akiwa ameketi mbele yangu, nami nimefunika jicho moja na kumtazama usoni, huku akisogeza kidole polepole kutoka ubavuni hadi niseme nimekiona. Masikio yalipimwa kwa kunong'onezwa maneno kutoka umbali wa kama mita moja na nusu. Mkojo ulikaguliwa kwa ajili ya sukari, protini na damu. Wenzangu wengi hudhani kwamba hapo ndipo dawa za kulevya zinapotafutwa, kumbe hicho huwa ni kipimo kingine kabisa.

Sasa presha. Mapokezi walituagiza tusiende msalani mpaka tutakapotoa sampuli ya mkojo, kisha tukapangwa kwenye foleni ya presha kwanza. Nilipoitwa, muuguzi alinifunga mkanda juu ya mkono wa shati nikiwa ndiyo kwanza ninaketi, mkono wangu ukining'inia, na wakati mashine inajaza hewa alikuwa akinihoji kuhusu anwani na namba ya simu. Kipimo kilisoma 158/96. Utaratibu sahihi unajulikana: mtu aketi kimya kama dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono umewekwa usawa wa moyo, mkanda uwe juu ya ngozi na uenee mkono wake, tena kibofu kiwe kitupu, kwa sababu kibofu kilichojaa peke yake huweza kupandisha presha. Kwangu mimi karibu kila sharti lilivunjwa, na lile la kibofu lilivunjwa kwa amri yao wenyewe.

Niliomba nipimwe upya baada ya kutoa mkojo. Muuguzi alisita, akisema namba imekwisha kuandikwa, lakini daktari alikubali mara moja, akachukua mkanda mpana zaidi na kuniacha nipumzike kabla ya kupima mwenyewe. Safari hii ilisoma 136/84. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayeishi kwa cheti: kwa mwongozo unaotumika Marekani, kwa mfano, dereva aliye chini ya 140/90 anaweza kupewa cheti cha miezi 24, lakini akisoma kama nilivyosoma mara ya kwanza hupewa cha mwaka mmoja, na akifikia 180/110 hapewi mpaka presha ishuke.

Ningerudi kwa daktari yule bila kusita, na ningewashauri wasimamizi wa kliniki wahamishe tu foleni ya mkojo iwe kabla ya presha, jambo lisilohitaji mashine mpya wala mtumishi wa ziada. Atakayekwenda aombe pia nakala ya vipimo vyenyewe, kwa kuwa dirishani hutolewa cheti peke yake. Mimi nilipoomba nilipewa palepale bila malipo ya ziada, na karatasi ina namba zote mbili za presha, ya kwanza ikiwa imekatwa kwa mstari na kutiwa saini ya daktari pembeni.