Domus au casa: nyumba ipi ya Kilatini?

Maneno haya mawili huishia kutafsiriwa "nyumba", lakini Mrumi hakuyachanganya. Domus ni nyumba yenye mwenyewe, ukoo na heshima zake. Casa ni kibanda cha udongo na nyasi; juu ya kilima cha Palatino mjini Roma walitunza kimoja wakikiita casa Romuli, kibanda cha Romulus, mwanzilishi wa Roma katika hadithi.

Kisarufi casa haina taabu: casa (nyumba), casae (ya nyumba), basi. Domus ndiyo kisirani. Mwisho wake -us unakudanganya kuwa ni jinsia ya kiume, kumbe ni ya kike: nyumba kubwa ni domus magna, si magnus. Tena ina umbo la mahali, domi, lisilohitaji kihusishi, kama -ni yetu katika "nyumbani". Ila sisi hutoka nyumbani, huenda nyumbani na hukaa nyumbani kwa neno lilelile. Mrumi alisema domo, domum, domi.

Domus ni ndugu wa domos ya Kigiriki. Asili ya casa haieleweki vizuri, lakini kibanda ndicho kilichoshinda: Waitaliano na Wahispania husema casa hadi leo, na chez ya Kifaransa ("kwa fulani") imetokana nalo. Domus ikabaki Italia kama duomo, yaani kanisa kuu.