Romeo na Juliet, nakala ya mtumba: baba aliyeivuta harusi

Tamthilia hii ya Shakespeare nimeinunua kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza karibu na stendi, shilingi 4,000. Jalada limechanika pembeni lakini kurasa zote zimo. Kushoto kuna maneno ya Shakespeare, kulia maelezo kwa Kiingereza cha kawaida, na bila hayo nisingefika mbali. Maandishi ya maelezo ni madogo mno, yanataka taa.

Mimi nashona magauni ya harusi, kwa hiyo aliyenishika ni baba yake Juliet, mzee Capulet. Mwanzoni muungwana kabisa. Kijana aitwaye Paris anapokuja kuposa, mzee anamwambia kwamba binti hajatimiza miaka 14, asubiri miaka miwili, na kwanza aupate moyo wake. Kisha Tybalt, binamu yake Juliet, anauawa, na Jumatatu usiku baba huyohuyo anaahidi harusi Alhamisi bila kumuuliza mtoto. Hajui kwamba Juliet ameshaolewa kwa siri na Romeo, kijana wa ukoo hasimu. Binti akikataa, anaambiwa akaombeombe, afe njaa barabarani. Mama anampa kisogo. Hata yaya aliyemnyonyesha anamshauri amkubali Paris. Niliweka kitabu chini, nikamaliza kwanza pindo lililokuwa mezani.

Lakini kilichoniuma zaidi kiko sehemu ya nne, onyesho la pili. Mtawa aliyemfungisha ndoa na Romeo ameshampa Juliet dawa ya kumlaza aonekane amekufa, ili aikwepe harusi na Romeo aje kumchukua. Juliet anampigia baba magoti, anaomba radhi, anajifanya amekubali. Baba anafurahi, na kwa furaha hiyo anaivuta harusi iwe kesho yake, Jumatano! Mama anamwambia usiku unaingia, maandalizi hayatatosha, Alhamisi ndiyo sawa. Hasikii. Anasema hatalala usiku huo, mambo ya nyumba atayasimamia mwenyewe. Akina baba hawa nawajua: anapiga simu kwa bashasha kwamba siku imebadilika, na bibi harusi amesimama mbele yangu, pini begani, hajaambiwa lolote.

Basi dawa inanywewa Jumanne usiku badala ya Jumatano. Mtawa amepungukiwa siku nzima ya kumfikishia Romeo barua ya kumweleza mpango huo, na mjumbe wake amefungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Hasira ya baba ilimsukuma binti kwenye dawa. Furaha yake ikamnyima muda. Maelezo ya kulia yanalipita jambo hili kwa mistari miwili tu, na hapo ndipo ninapoipunguzia nyota moja, zinabaki nne kati ya tano.

Mkitafuta, chukueni yenye maelezo pembeni kama hii. Yangu siiuzi. Imo kwenye droo ya nyuzi, na mume wangu ameshafika sehemu ya tatu.