Kete za Askari wa Tanga: Kufinyanga kwa Mkono au Kuchapisha kwa Rezini

Anayetaka kuunda kete zake mwenyewe (visanamu vya askari) za mchezo wa vita wa mezani kuhusu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 kati ya Wajerumani na Waingereza, kwa kimo cha milimita 28, ana njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni kufinyanga kwa mkono, ambapo udongo wa epoksi wenye sehemu mbili huchanganywa na kujengwa juu ya kiunzi cha waya kabla haujaanza kukauka. Ya pili ni kuchora umbo kwenye kompyuta na kulichapisha kwa rezini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga), tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiwa na unene wa takriban milimita 0.05.

Kwa usahihi wa silaha naipendelea kompyuta, kwa sababu askari wengi wa jeshi la Wajerumani walibeba bunduki kuukuu za Mauser za mwaka 1871, na kosa likionekana kwenye bunduki hiyo hurekebishwa ndani ya faili, ilhali epoksi iliyokwisha kukauka haina budi kukatwa kwa kisu na kuanzwa upya. Hata hivyo, bunduki yenye wembamba halisi huvunjika upesi ikichapishwa kwa rezini ya kawaida (na kete hushikwashikwa sana mezani), hivyo ni lazima inenepeshwe kidogo.

Mikunjo ya sare ni jambo jingine: kidole na sindano huipa nguo uzito ambao ni nadra kuuona katika kazi ya kompyuta. Kamanda mmoja ningemfinyanga. Kombania nzima ningeichapisha.